Mwanihana kwa miguu: kutega kamera 20 msituni Udzungwa

Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, safu ya Udzungwa inakaa mkono wa kulia muda wote, na ukishapita Kidatu miwa inasogea karibu kabisa na mlima. Tulishuka Mang'ula saa kumi jioni, mwishoni mwa Julai. Mwezi huo una sababu: masika yameisha, vijito vinavukika, na kamera haziogi mvua usiku kucha. Vibali vilishapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na pale makao makuu ya hifadhi tulikabidhiwa askari mmoja wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, na bunduki yake, kwa ajili ya tembo na nyati. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara. Chochote unachokitaka juu, kibebe.

Mwanihana ni msitu wa ukingo wa mashariki. Unapanda bila kukatika kutoka karibu mita 300, pembeni mwa mashamba, hadi zaidi ya mita 2,000, na misitu ya namna hiyo imebaki michache Afrika Mashariki. Tangu 2009 wanyama wake wanahesabiwa kwa utaratibu uleule: kamera 60 zinazojifyatua zenyewe mnyama akipita, moja kwa kila kilomita mbili za mraba, kila moja ikikaa siku 30 wakati wa kiangazi. Huwekwa kwa mafungu matatu ya kamera 20, la kwanza likitolewa la pili linaingia. Sisi tulipanda na fungu moja, timu mbili za watu wanne, kamera kumi kila timu.

Mzigo unaochosha ni betri. Kamera zetu zinakula betri 12 kila moja, ndogo za AA, kwa hiyo 240 bila akiba. Za lithiamu zina gramu 15 hivi, jumla kilo 3.6, za alkali gramu 23, unakaribia kilo 5.5, na baridi ya juu inazilegeza mapema. Usichanganye mpya na zilizotumika, kwa sababu moja iliyochoka inawavuta wenzake 11 na kamera inazima siku ya 18 bila wewe kujua. Pima kila betri kabla ya kupanda. Paketi mbili tulizonunua njiani kwa bei ya chee zilikuwa zimekaa dukani hadi zikaisha nguvu, tukaziacha kambini.

Siku ya kwanza tulifanya kamera za chini, upande wa Sanje, maji yakinguruma kwenye poromoko lile la mita 170. Ni msitu huuhuu uliomtoa mangabe wa Sanje, nyani ambaye sayansi ilimjua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walishakuwa na jina lake, ngolaga. GPS inakupeleka kwenye pointi ya ramani, lakini chini ya majani mazito inayumba mita kumi au zaidi, na pointi yenyewe inaweza kuangukia kwenye jabali. Tulijipa nafasi ya mita mia moja kuzunguka kila pointi, tukitafuta kijia cha wanyama. Hapo ndipo mzee wetu wa njia alipokuwa na kauli.

"Mzee, hapa vipi? Njia pana, safi kabisa."

"Hii njia ya maji, mwanangu. Angalia majani, yamelala upande mmoja. Mnyama hapiti hapa, mvua ndiyo inapita."

Alitushusha hatua arobaini, kwenye kijia chembamba ambacho tusingekiona. Kulikuwa na kinyesi cha paa, punje ndogo nyeusi kama mbegu za mpapai, na mizizi iliyosuguliwa na kwato.

Kufunga kamera moja vizuri ni dakika 30 hadi 40, na wengi wanaharibu kwa kuharakisha. Chagua mti wenye unene wa paja: mwembamba unayumba na upepo na kamera inapiga picha za bure, mnene kupita kiasi mkanda haufiki. Simama mita mbili hadi tatu kutoka kijiani, funga kimo cha goti, sentimita 40 hivi. Ukipandisha hadi kiunoni utawapata nyati na kumkosa sengi, mnyama mdogo wa pua ndefu. Kwenye mteremko kamera ifuate mwinamo wa ardhi, siyo usawa wa maji. Tulikuwa tunachomeka kijiti nyuma yake kuipata pembe. Isitazame mawio wala machweo.

Kihisi cha kamera hakioni mnyama. Kinachohisi ni tofauti ya joto inayosogea kati ya kiumbe na kilicho nyuma yake. Ndiyo maana jani lililopigwa na jua na kutikiswa na upepo linaifyatua kamera mara elfu, na ndiyo maana mchana wa joto kule bondeni mnyama anaweza kupita asipigwe kabisa, kwa kuwa ardhi imekaribia joto la manyoya yake. Basi fyeka majani mbele ya kamera, ila usifyeke kiwanja. Ukiwasha, mmoja wenu atambae kwa magoti na viganja kwenye kijia, kimo cha paa, huku mwingine akiangalia taa nyekundu. Taa isipowaka, geuza pembe, atambae tena. Kwenye kamera ya tano tulirudia mara sita, na magoti yalitoka na miiba.

Mwisho ni picha ya kibao: namba ya pointi, tarehe na saa, imeshikwa mbele ya lenzi. Hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Kamera inahesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu alfajiri. Msaidizi akiandika kibaoni "saa 4:15" akimaanisha asubuhi, kamera inasema 10:15. Kama saa ya kamera ilijifuta wakati wa kubadili betri, kibao ndicho cha kusahihishia, na atakayekaa kwenye kompyuta miezi mitatu baadaye atausogeza usiku wote saa sita. Panya buku, mnyama wa giza tupu, ataonekana anatembea mchana kweupe, na funo, ambaye ni wa mchana, atahamia usiku. Tulikubaliana kuandika 10:15, na pembeni neno "asubuhi".

Kuanzia mita 1,500 mwendo ulibadilika. Miti inafupika, kuvumwani inaning'inia matawini, ukungu unashuka kabla ya saa tisa alasiri na kila kitu kinalowa. Tuliweka pakiti za kunyonya unyevu ndani ya kila kamera, na raba ya mlangoni ikafutwa udongo kwa kitambaa kikavu, maana punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Kamera kumi zilituchukua siku saba. Kuna siku tulifunga mbili, na kuna siku tulitembea saa nane kwa ajili ya moja.

Kuzitoa, siku 30 baadaye, kulikuwa na habari zaidi. Moja ilivunjwa na tembo. Vipande tulivikuta mita tisa mbali, kadi ikiwa nzima, na picha tatu za mwisho ni mkonga unaokaribia, mkonga umejaa, kisha giza. Nyingine sisimizi walijenga ndani, mayai meupe yamejazana kwenye sehemu ya betri. Ya tatu ilijaza kadi kwa unyasi mmoja uliochipua mbele ya lenzi baada ya sisi kuondoka. Hizo zote zinaingia kwenye hesabu: kamera 20 kwa siku 30 ni siku-kamera 600 karatasini tu. Kamera iliyokufa siku ya 12 inahesabiwa 12, na ukiiandika 30 umempunguza mnyama ambaye hakupungua.

Hata iliyofanya kazi siku zote haisemi yote. Chukua minde, swala wa msituni mwenye haya, anayetembea zaidi usiku. Gawa siku 30 katika vipindi sita vya siku tano. Tuseme yupo eneo hilo, na uwezekano wa kupigwa picha katika kipindi kimoja ni asilimia 20. Uwezekano wa kumkosa vipindi vyote sita ni 0.8 mara sita kwa yenyewe, yaani karibu asilimia 26. Robo nzima ya sehemu anazoishi zitaonekana hazina minde. Kwa hiyo tunahesabu pamoja na vipindi ambavyo hakuonekana, na atakayekuletea ripoti ya "hakuna" bila hesabu hiyo, mrudishie.

Upande wa pili wa shilingi ni sengi wa uso wa kijivu. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa msitu wa Ndundulu, humuhumu Udzungwa, zilimpiga mnyama ambaye hakufanana na sengi yeyote aliyejulikana. Akakamatwa mwaka uliofuata, akapimwa gramu 700 hivi, mzito kuliko sengi wote, na mwaka 2008 akapewa jina la kisayansi, Rhynchocyon udzungwensis. Mara mbili mmoja wetu aliruka mbele ya skrini akidhani kampata.

Kadi tulizisoma kambini Mang'ula usiku uleule, kwa sababu kadi yenye unyevu haisubiri Dar. Kamera ya kijia cha mzee ilikuwa na picha chache kuliko nilivyotarajia: paa, panya buku, nguruwe pori na watoto. Halafu 02:40 usiku, siku ya 27, mfululizo wa picha tatu: mgongo mweusi uliolowa, shungi la rangi ya kutu katikati ya pembe fupi, kisha makalio ya minde yanaingia kichakani.