Baba amefika mbele ya ukuta

Jana jioni nilikwenda na baba, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, hadi kwenye bustani tunayoijenga mtaani kwetu kwa ajili ya askari wastaafu wa Vita vya Kagera, na kwa mara ya kwanza alifika mbele ya ukuta wa kumbukumbu bila kubebwa na mtu. Alipoteza mguu mwaka 1979, jeshi letu likielekea Kampala. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nimemwona akibaki chini ya ngazi za mnara huku wenzake wakiweka mashada ya maua, nami sikuwahi kulizoea jambo hilo.

Ndiyo maana tulibishana sana na fundi kuhusu mteremko. Yeye alitaka uwe mfupi ili kuokoa saruji. Sisi tulisisitiza kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu, kwa kuwa mikono ya mzee haiwezi kupandisha kiti penye mwinuko mkali. Changarawe tuliiondoa, kwani magurudumu ya mbele huzama, tukamwaga zege na kulikwaruza kwa ufagio ili lisiteleze wakati wa mvua. Meza ya bao tumeiinua ili magoti yapite chini yake, maana wazee hawa hawaji kuomboleza tu.

Majina yamechongwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Baba aligusa moja, akalisoma kwa sauti, kisha akaniomba nimwache hapo mpaka giza liingie.