Usiwaombe wafanyabiashara hela: nilivyowapatia viatu na uji watoto wangu wa riadha Karatu

Kila nikitaja kwamba nina watoto zaidi ya thelathini wanaokimbia asubuhi kabla ya shule, lazima atokee mtu wa kunishauri nitafute mfadhili. Anaongea kana kwamba wafadhili huuzwa mnadani, unazunguka zizini na kuchagua mwenye pembe nzuri. Naandika haya kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Mimi nauza pembejeo hapa Karatu mjini: mbolea, mbegu, dawa za wakulima wa vitunguu wa Mang'ola. Ndiyo maana watoto wananiita Mama Mbolea, wakidhani sisikii. Zamani nilikimbia. Nilifika UMISSETA taifa, michezo ya shule za sekondari, kwa mita 1500, nikashika nafasi ambayo siitaji mbele ya watoto, kisha nikaolewa, ikaishia hapo. Lakini wilaya hii ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.2, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Na hapo jirani, Mbulu, ndiko kwao John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akichechemea kwa jeraha la goti. Huku kwetu mtoto anayepita mbio haulizwi kama ni mwanamichezo, anaulizwa kama amechelewa shule. Vipaji havijawahi kutupa shida. Shida ni njaa, kokoto, na ng'ombe wa baba.

Watoto wenyewe wengi ni wa vibarua wa mashamba ya kahawa, na wengine wanalelewa na bibi zao. Usajili wa klabu sitaueleza sana. Unaandika katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao, unapitia kwa afisa michezo wa wilaya, karatasi zinakwenda kwa Msajili pale Baraza la Michezo la Taifa. Ukiwa na subira na hela ya kutolea kopi, utapata.

Sasa nieleze ushauri uliotaka kunifilisi. Alikuja kijana mmoja, mtaalamu wa miradi, ana kompyuta na viatu vilivyochongoka. Akasema, "Mama, wewe unahitaji tukio." Tukio ni mbio za hisani: wenye uwezo wanalipia kukimbia, wafanyabiashara wanachangia, watoto wanafaidika. Akanionyesha bajeti yenye rangi rangi. Fulana, namba za kifuani, medali, tenti, viti, spika, MC kutoka Arusha, mafuta ya gari la wagonjwa, chakula cha meza kuu. Nikauliza watoto wako mstari wa ngapi. Akasema watoto wanakuja mwishoni, kwenye salio.

Nikakubali hivyo hivyo. Siku yenyewe, mgeni rasmi alifika jua likiwa utosini, na msafara ambao haukuwa kwenye bajeti lakini ulikuwa na njaa. Wakimbiaji walikuwa wameshamaliza na kwenda nyumbani, ikabidi tuwaombe wachache warudi waanze tena ili apige filimbi. Watoto wangu, wenye shughuli yao, walishinda wakibeba viti na kugawa maji. Kisha MC akaingia kwenye harambee, na huyo bwana sitamnyima sifa, alijua kazi. "Nani anaongeza? Nani anaongeza?" Mwenye mashine ya kusaga akasimama: laki tatu! Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye hakukubali kushindwa: laki tano! Mwenzake wa upande wa pili wa barabara: milioni! Vigelegele, picha, watu wanacheza. Kwenye karatasi tulikuwa na hela ya kujenga uwanja. Kwenye beseni palikuwa na hela ya kumlipa MC. Mwenye tenti nilimlipa kwa mifuko ya mbolea ya kupandia kutoka dukani kwangu, na akachagua DAP, hakutaka nyingine.

Nikaanza kuzifuatilia zile ahadi na daftari langu. Jamani. Watu wazima walijificha. Mmoja aliponiona naingia alipita mlango wa nyuma akaniachia mtoto wa kazi, "Bosi kasafiri," na chai yake iko mezani inatoa moshi.

Aliyenifungua macho ni yule wa mashine. Yeye hakukimbia, alikuwa amejaa unga mpaka kwenye kope. Akaniambia, "Mama, nisikudanganye, laki tatu sina. Umeme wenyewe nadaiwa." Na huku mashine inanguruma nyuma yake. Nikamwambia basi nisagie. Kila Jumamosi nikuletee mahindi, ulezi, soya na karanga, unisagie bure unga wa lishe wa watoto. Akacheka, akasema hiyo tu? Mpaka leo anasaga, na ukijumlisha ameshapita laki tatu zamani sana. Hajui, na nyinyi msimwambie.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mfanyabiashara wa mji kama huu hela hana. Hela yake imelala rafuni, imelala stoo, iko kwa wadeni wake. Ukimwomba laki moja umemwomba ada ya mwanawe. Ukimwomba kilo tano za sukari umemwomba kitu anachokiona kila siku, na anakitoa kwa bei aliyonunulia huku wewe ukikipokea kwa bei ya dukani. Kwa hiyo nikafuta ahadi zote za hela, nikazunguka upya. Mwenye bucha nilimwomba mifupa ya supu. Mwenye famasi, plasta na dawa ya vidonda. Mwenye Kosta ya Arusha, nafasi za nyuma siku za mashindano, watoto wabebane. Fundi magari, matairi mabovu ya mazoezi ya kuruka. Kila mtu kitu kimoja, tena kile kinachomzunguka.

Lakini watu huchoka kutoa. Dawa yake ni ubao. Nilining'iniza ubao mweusi wa shule nje ya duka langu, pale wanapopangia foleni ya mbolea, nikawa naandika kwa chaki kila wiki: fulani, sukari kilo tano, fulani, mifupa, fulani, bado. Lile neno "bado" lina nguvu kuliko MC yeyote. Wale wawili wa vifaa vya ujenzi, wanaotazamana barabarani, walianza kutuma vijana wao kuja kusoma. Huyu akitoa misumari na mbao za kutengenezea vizuizi, yule analeta tenki la maji. Tenki! Nilikuwa nimemwomba ndoo. Mume wangu alisema nawadhalilisha watu. Nikamwambia mbona wanaodhalilika wanaongeza uzito wa mchango.

Viatu ndivyo vilivyonitesa. Wengi walikuja peku au na katambuga za tairi, na kwa njia zetu za udongo mwekundu hazina ubaya mpaka ukutane na kokoto za barabara mpya. Raba mpya ya kukimbilia, ile ya kweli, ni bei ya mbuzi na nusu yake. Mitumba ni nafuu, ila mtoto anakua, miezi michache tu vidole vinachungulia.

Basi siku moja nimekwenda Arusha kufuata mbegu, nikapitia mitumba Kilombero. Chini ya meza ya muuzaji mmoja nikaona kiroba kimejaa raba. Nikauliza bei. Akasema, "Hizo si za kuuza, mama, zimepotezana." Kumbe belo likifunguliwa huwa kuna viatu ambavyo kamba imefunguka njiani na mwenzake hayumo. Kushoto kupo, kulia hakuna. Anavirundika, baadaye anavitupa. Nikakaa juu ya kiroba cha nguo nikaanza kuvichambua, yeye ananiangalia kama naumwa.

Raba ya kukimbilia haichaguliwi kwa macho. Ikunje: ikijikunja katikati ya unyayo kama chapati, imekufa, inatakiwa ikunjike kwenye vidole. Bonyeza lile povu la pembeni kwa dole gumba, likirudi lina maisha. Usisome namba ya kwenye ulimi, kila kiwanda kina namba zake. Chomoa soli ya ndani ya kushoto na ya kulia, zigeuze zitazamane, ukiona kingo zinakutana umepata jozi. Nilitoka pale na jozi nyingi ambazo hazikuzaliwa pamoja: nyekundu na kijani, nyeusi na ya waridi. Nilimpa elfu chache, na aliona kanipiga.

Kasoro moja: kisigino cha huyu kinene, cha mwenzake chembamba, na mtoto akikimbia hivyo nyonga itamuuma. Hilo alilimaliza fundi viatu wetu wa stendi. Anachukua kandambili iliyochoka, anakata kipande cha kisigino, anakipunguza kwa wembe mpaka viatu vikisimama mezani virefuke sawa, anakigundisha ndani. Malipo yake ni jina kwenye ubao, na analisoma kwa sauti wateja wakiwepo.

Watoto walivigomea. Binti mmoja alilia kabisa, akasema bora katambuga. Nikafanya hila: nikamvalisha kwanza yule anayewashinda wote, msichana wa darasa la saba mwenye mdomo. Huyo alipita shule nzima akijinadi kwamba viatu vya namna ile ndivyo vya kukimbilia, vya kufanana ni vya kwendea kanisani. Ndani ya wiki nikamkuta mvulana mwenye jozi yake kamili anabadilishana mguu mmoja na rafiki yake.

Kisha yakaja mashindano ya wilaya. Kocha wa shule moja, watoto wake wamevaa sare mpaka soksi, akamlalamikia mwamuzi kwamba viatu vya binti yangu si halali. Mimi nilikuwa natafuta la kusema. Akasogea Afande, mzee wetu, mkimbiaji wa zamani wa jeshini, mstaafu, anayekuja kuwafundisha watoto saa kumi na moja alfajiri bila kudai hata soda. Akamwambia mwamuzi taratibu: kanuni za riadha zinamruhusu mtu akimbie peku, au na kiatu mguu mmoja, au miguu yote miwili. "Sasa mwalimu, kama kimoja kinaruhusiwa, huyu kosa lake ni kuvaa vyote?" Mwamuzi akaficha kicheko kwenye filimbi. Binti akakimbia mita 3000 akashika nafasi ya pili. Aliyemshinda alikuwa peku.

Yule muuzaji wa Kilombero, habari zikamfikia, akaanza kuniuzia kwa kilo. Nikaandika jina lake kwenye ubao hukuhuku Karatu, nikaupiga picha nikamtumia. Kilo ikawa bure, na siku hizi ananichambulia mwenyewe.

Kuhusu wazazi, msiende na barua. Akina mama huwa wanakubali mapema, ila baba mwenye ng'ombe humwambii habari za afya na nidhamu. Afande alikwenda kwa mmoja wao, wakaongea mvua, wakaongea bei ya madume, karibu jua lizame ndipo akataja kwamba majeshi huajiri wakimbiaji, na kwamba mshahara hauna kiangazi. Tangu Septemba 2025 kazi imekuwa rahisi zaidi. Alphonce Simbu, mwanajeshi, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03 kwenye mstari, baba huyohuyo alinijia dukani kuuliza kwa nini mwanawe nampumzisha Jumapili. Nikamwambia mtoto wa miaka kumi na mbili hakimbizwi kama mtu wa thelathini na tatu. Hakuridhika.

Na wenye magari ya watalii, nawapenda, mnanunua mpaka soda dukani kwangu, lakini msisimame kuwarushia watoto wangu biskuti na maboksi ya chakula kilichobaki. Mnawavunjia mwendo. Mtoto akizoea kusimama kila akiona Land Cruiser, kilomita nane zinamaliza saa nzima. Mkitaka kusaidia, dereva mmoja alinipimia njia yote ya Rhotia kwa kilomita za gari lake, tukapaka rangi mawe kila kilomita. Hiyo haikumgharimu kitu na iko kwenye ubao.

Wakubwa wangu wawili wameingia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mmoja anasoma sekondari ya bweni iliyomtaka kwa ajili ya miguu yake. Wengine wamekua tu, wanaendesha bodaboda, wananipakia bure.

Kwa sasa kiroba kina miguu ya kulia mingi kuliko ya kushoto, sijui Wazungu wanavipotezaje. Mwenye ya kushoto, sentimita 23 na 24, aiache kwa kondakta wa Kosta yoyote ya Karatu, aseme ni ya Mama Mbolea. Jina utaandikwa.