Kekee kuukuu ya barafu: isome injini kwanza

Kekee ya barafu ya petroli, yaani mashine ya kutoboa matundu kwenye barafu, iliyopita mikono mingi huja bila kitabu, stika zimechubuka. Usihangaike na rangi ya tangi. Watengenezaji kama Jiffy walifunga injini za Tecumseh, na vipuri vya injini hutafutwa kwa namba ya injini yenyewe. Futa grisi kwenye jumba la feni, utafute namba inayoanza na TC au AH. Tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa husomwa hivi: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, tatu zinazofuata ni siku. 4215 ni siku ya 215 ya mwaka unaoishia na 4. Muongo utauamua kwa umbo la mashine.

Unapokwenda kuinunua, ifungue skurubu ya kuchimbia, kisha inyanyue injini kidogo kwa kamba ya stata. Ikishuka polepole, kwa vituo, kompresheni ipo. Ikiporomoka moja kwa moja, ringi au silinda zimekwisha, na hapo ni bora uiache.

Cheche hazisumbui sana. Plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.76, halafu piga msasa laini kutu iliyo kwenye koili na sumaku za flaiwili (gurudumu zito la injini), uache kati yake kama milimita 0.3. Cheche zikiwepo lakini kamba inarudi na kukuvuta mkono, angalia kii ya flaiwili, kipande kidogo kinachoishika isihame kwenye kranki. Ikikatika, hata nusu tu, majira ya cheche yanahama.

Ugonjwa mkubwa ni kabureta. Petroli iliyolala humo tangu msimu uliopita huacha gundi, na kiwambo cha mpira hukauka kikakakamaa kama karatasi. Kiwambo kisichopinda hakisukumi sindano inayofungulia petroli, kwa hiyo injini huwaka kwa choki tu na kuzima ukiifungua. Nunua seti nzima: kiwambo, gasketi, sindano na kiti chake. Badilisha pia mpira wa mafuta na chujio la tangini.

Hapa ndipo wengi hukosea: kichwa cha ribiti cha kiwambo lazima kielekee kwenye sindano. Mpangilio nao hutofautiana. Kabureta za Tecumseh zenye herufi F ukingoni, upande wa choki, hutangulia kiwambo kwenye mwili wa kabureta, gasketi ikafuata. Zisizo na F hutangulia gasketi. Ukipindua, mafuta hayapandi, na utailaumu plagi bure. Skurubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka ikae, bila kukaza, uirudishe mzunguko mmoja, kisha irekebishe injini ikishapata moto.

Ikiwa mzunguko wa polepole unapanda wenyewe, kuna hewa inayovuja kwenye sili za kranki au gasketi ya kabureta.

Oili ya kuchanganya na petroli: TC nyingi za zamani zilitaka 24:1, yaani mililita 42 za oili kwa lita moja ya petroli. Za baadaye zinaweza kutaka 50:1, mililita 20. Fuata maandishi ya kifuniko, na yakifutika, chagua oili nyingi kuliko kidogo. Moshi hauui pistoni.

Klachi ikizungusha skurubu ya kuchimbia injini ikiwa polepole, punguza mzunguko kwanza. Isipoacha, springi zimechoka. Visu navyo vya modeli moja havikai kwenye nyingine, na kuvinoa kwa pembe isiyo yake hufanya kekee iteleze juu ya barafu hata injini ikiwa nzima. Nunua vipya kwa kipenyo kile kile.