Milwaukee ina kosa gani?

Jana nimebishana na mdogo wangu mpaka mama akaja kutuzimia taa. Yeye anasema mchezaji wa nje akichaguliwa kwenye drafti ya NBA, ile siku timu za kikapu za Marekani zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, ana haki ya kuigomea timu ya mji mdogo. Nikamtajia Yi Jianlian. Mwaka 2007 Milwaukee Bucks walimchukua Mchina huyo akiwa chaguo la 6, mawakala wake wakagoma, wanataka jiji lenye Waasia wengi. Mwenye timu, Herb Kohl, seneta mzima wa Marekani, akapanda ndege hadi Hong Kong kumbembeleza! Yi akasaini mwishoni mwa Agosti, akacheza msimu mmoja tu, akapelekwa New Jersey Nets.

“Kaka, ungeiweza baridi ya Milwaukee?” Hapo dogo alinibana kidogo.

Lakini Bucks haohao mwaka 2013 walimchukua Giannis Antetokounmpo kutoka Ugiriki, wa 15. Mwaka 2021 akawapa ubingwa, pointi 50 mechi ya mwisho. Na Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania, wa 2 mwaka 2009, alikwenda Memphis, na Memphis si New York.

Dogo anajibu eti Thabeet naye angegoma tu. Nimeenda zangu kulala.