Weebale Kulya
Jana jioni mwanangu alirudi na daftari jipya. Mwalimu kawaambia kila usiku kabla ya kulala waandike mambo matatu ya kushukuru. La kwanza akaandika "chapati". La pili, "chapati" tena. Kisha penseli ikaingia mdomoni. "Mama, wewe la tatu ungeandika nini?"

Nikamwambia asubiri, nikabaki nageuza chapati iliyokwisha kuungua. Lililonijia halikuwa jambo la kumwandikia mtoto. Lilikuwa bakuli la katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, juu ya jerikeni lililopinduliwa, Kireka, pembeni ya Kampala, Aprili 2020.

Mnakumbuka wenyewe amri za korona. Taxi zimesimama, boda haibebi mtu, saa moja jioni kila mmoja awe ndani. Mwenye duka niliyekuwa nikimuuzia alifunga, simu zangu akaacha kupokea, na mshahara wa Machi ukaishia hapo. Baba mtoto yuko Malaba na lori, kwenye foleni isiyosogea. Chakula cha serikali, kilo 6 za unga na 3 za maharage kwa kila mtu, tulisikia kimefika Bwaise, kwetu bado. Chumba kama chetu Waganda wanakiita muzigo, na mwezi ule hata Kiswahili changu kilikubaliana nao.

Mlango wa nne aliishi Jjajja mmoja, yaani bibi, mtu wa asante. Ukipita na maji: "Gyebale ko," asante kwa kazi. Ukifua: "Weebale kwoza," asante kwa kufua. Ndivyo walivyo Waganda, wanakushukuru kwa kazi yako mwenyewe, nawe ukishukuru wanakushukuru kwa kushukuru, "weebale kusiima", mpaka mmoja wenu achoke. Mimi nililelewa kambi ya jeshi, Jinja, kwa Kiswahili cha "njoo hapa" na "ondoka". Nilikuwa nachoka mapema.

Siku hiyo ilikuwa ya tatu ya chai ya rangi. Mtoto kalala mchana, ule usingizi usio wa usingizi. Nikasikia sapatu zinaburuzwa. Jjajja akapindua jerikeni mbele ya mlango wangu, akaweka juu yake bakuli lililofunikwa kwa jani la ndizi, akarudi nyuma hatua tano kwa ajili ya korona, akaketi kizingitini kwake. Jani lilikuwa limelegea kwa mvuke, matone yanateleza pembeni ya bakuli hadi kwenye plastiki ya njano. Nilishaandaa maneno: tumekwisha kula, Jjajja. Mtoto akaamshwa na harufu kabla sijafungua mdomo. Matooke na matumbo. Alikula kwa mikono miwili. Mimi nikampa yule mama mgongo ili asione ninavyokula. Kipande kimoja kiliniunguza ulimi, sikukitema.

Nikalisugua bakuli, nikalirudisha. "Weebale kufumba, Jjajja," asante kwa kupika.

"Weebale kulya, mwana wange."

Ananishukuru kwa kula! Nimemaliza chakula cha mwanamke mzee, halafu asante inakuja kwangu. Nikaona ni masimango. Nikaingia ndani, nikafunga mlango bila kuaga.

Wiki kadhaa baadaye nikamwona akipakua sahani mbili. Moja akala. Ya pili akaikalia kitambo, kisha akairudisha kwenye sufuria. Wajukuu wake walikuwa Masaka tangu shule zifungwe. Huenda basi ile asante ilikuwa na uzito. Huenda pia lilikuwa neno tu, kama "shikamoo" ya mtu mwenye haraka. Sikumuuliza. Mwaka uliofuata tukahama.

Usiku mtoto alipolala nikasoma kwenye simu kwamba daftari hili lina wenyewe. Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2003 walichapisha utafiti: kundi moja liliandika baraka zake, jingine kero zake, na wa baraka wakaonekana kuridhika zaidi na maisha yao. Mimi wangeniweka kwenye kero, na ningeomba karatasi ya ziada. Ila lile bakuli sijui ningeliandika upande gani. Nililishukuru na kulichukia kwa mkono uleule.

Asubuhi mtoto akamaliza uji, akasukuma kikombe. Namba tatu bado ilikuwa wazi.

"Weebale kulya," nikamwambia.

Akakunja uso. "Lakini Mama, si umepika wewe?"