Nilivyokipata Kikantoni cha ibadani na cha mikataba

Kikantoni cha sokoni hapa Hong Kong kiliniingia haraka. Kilichonisumbua ni maandishi mazito. Watu wa huku wanazungumza Kikantoni, lakini Biblia, sheria na mikataba mingi huandikwa kwa Kichina sanifu, kisha husomwa kwa matamshi ya Kikantoni. "Yeye" wa barabarani ni keoi5. Msomaji akisimama kanisani anakuwa taa1. Namba hizo ni za toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka, nazo ziko sita katika Jyutping, mfumo wa mwaka 1993 wa kuandika matamshi ya Kikantoni kwa herufi za Kilatini. Bila toni usijisumbue kuandika neno daftarini.

Nilianza na Biblia. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huku husoma tafsiri ya Kichina iitwayo Union, ya 1919 (nasi tunayo Union yetu ya Kiswahili, ya 1952). Nilichagua sura ninazozijua kwa kichwa, Zaburi ya 23 kwanza, nikasikiliza rekodi huku kidole kikifuata herufi. Maana ninayo tayari, kwa hiyo akili yote ilibaki kwenye sauti.

Maneno niliyapanga kwa ukoo wa herufi. Gau6 joek3 ni Agano la Kale, san1 joek3 Agano Jipya. Herufi hiyohiyo ya joek3 ikanivusha hadi kwenye karatasi za nyumba: hap6 joek3 ni mkataba, zou1 joek3 ni mkataba wa kupanga, cim1 joek3 ni kutia saini mkataba, na wai4 joek3 ni kuukiuka. Jina la Mungu nalo linataka uangalifu: Wakatoliki husema tin1 zyu2, Waprotestanti soeng6 dai3 au san4, Waislamu zan1 zyu2. Ukilichanganya utaeleweka, ila watajua wewe si wa kwao.

Kwa lugha ya sheria, mwalimu wangu mkubwa ni tovuti ya serikali inayotoa sheria za Hong Kong kwa Kichina na Kiingereza. Nilifungua zote mbili pamoja, nikatoa tiu4 lai6, yaani sheria iliyotungwa, na tiu4 fun2, yaani kifungu. Kwenye upangaji, la kushika mapema ni on3 gam1, ile amana unayorudishiwa ukihama. Mwenye nyumba ni jip6 zyu2.

Siku hizi mkataba wa chumba nausoma kwa sauti mbele ya dalali kabla ya kusaini, naye hunirekebisha toni. Hati za kiapo bado nampelekea mwanasheria.