Mshahara wangu unatolewa na giza: nilivyotoka kwenye kausha damu nikaishia kununua jiwe

Shemeji yangu ana kazi ya ofisini na roho nzuri, lakini ndo mtu wa kwanza kuniingiza chaka kwenye mambo ya hela. Mwaka 2022 alikaa sebuleni kwangu, akachukua daftari la mtoto la hesabu akachora mistari, huku mahitaji, huku starehe, huku akiba, nusu hapa, thelathini pale, ishirini kule, "shem kila tarehe 30 unagawa hivi, baada ya mwaka utanikumbuka". Nikamuuliza tarehe 30 kwangu kuna nini? Akacheka, alidhani natania.

Sikuwa natania. Mi nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, pembeni ya Ziwa Victoria. Kwa asiyejua hii kazi, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, ile taa ndo inawavuta wanakuja juu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa yako inakuwa kama kiberiti mchana, mitumbwi inapandishwa mchangani vijana wanarudi kwao kusalimia wazazi. Kwa hiyo kuna giza na kuna mbalamwezi. Giza unashika hela mpaka unajisahau, mbalamwezi unashika kiuno. Hiyo tarehe 30 ya shemeji kuna miezi inadondokea kwenye giza, kuna miezi inadondokea kwenye mbalamwezi, halafu we unagawa asilimia ishirini ya nini?

Lakini kwa vile kasoma, nikamfuata. Nikagawa. Baada ya miezi kadhaa tarehe 30 ikanikuta mbalamwezi imekaa siku ya tano, mfukoni nina elfu nane, mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita, 80,000 mara sita, maana si mnajua wenye nyumba wetu hawanaga habari za mwezi mmoja mmoja. Baba watoto yuko machimboni Geita na hela yake ina kalenda yake mwenyewe, leo simulizi hiyo naiacha. Nikaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani.

Wanawake wenzangu wa mwaloni mnajua. Laki tano, wanakata ya fomu na ya sijui bima, unatoka na laki nne na sitini, halafu rejesho elfu 22 kila siku iendayo kwa Mungu kwa siku thelathini. Piga hesabu mwenyewe. Mi sikupiga. Nilikuja kupiga miezi mingi baadae, siku niliposikia redioni kwamba Benki Kuu ilishaweka ukomo kwa hawa wakopeshaji wadogo, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi na lazima wawe na leseni chini ya ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018. Asilimia tatu na nusu! Yangu ilikuwa zaidi ya thelathini. Nikaenda kulala mchana kweupe. Kesho yake nikajikaza nikamuuliza yule kijana wa marejesho, samahani baba, leseni yenu naweza kuiona? Akaniangalia vizuri tu, akasema "mama we ulikuja kufuata hela au ulikuja kufuata leseni?"

Na yule kijana hakuwa na mwezi wala nini. Mbalamwezi, mvua, msiba, saa mbili asubuhi yuko kwenye benchi langu la nje anasalimia majirani kama mtoto wa nyumbani. Nikakopa kwingine kumlipa yeye, nikakopa kwenye simu kumlipa yule wa kwingine, dukani kwa mangi kuna daftari lina jina langu kurasa mbili. Siku nilipojumlisha vyote nilipata milioni na laki saba na kitu. Mwaka 2023 tukajikusanya wanawake saba tukaombe ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, ndo kipindi hichohicho serikali iliisimamisha kupanga upya utaratibu. Bahati yangu na mimi.

Kilichonitoa sio daftari. Kilichonitoa ni bibi mmoja wa Ukerewe.

Huyu bibi nilikuwa namwona miaka. Giza likipamba moto, mwaloni hapakanyagiki, magunia yamepangwa mpaka njiani, matajiri wa Dar na wa Kongo wanachagua kwa madaha, yeye humwoni. Mbalamwezi ikitoka, sisi tumekaa tunasukana nywele, yeye anashuka na magunia yake manne matano, mikono nyuma, na wanunuzi wanamkimbilia. Siku moja nikamfuata nikampa shikamoo, nikamuuliza bibi, we unavuaje mbalamwezi? Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu sivui. Nauza siku wenzangu mmelala."

Nilikaa chini pale pale. Yani kitu kiko wazi, dagaa hawaji kwa wiki nzima na ushee, bei lazima ipande, na mimi niko pale miaka sita nakiona. Nilikuwa najua! Ila sikuweza kufanya kwa sababu kila asubuhi kuna kijana kwenye benchi anataka elfu 22, kwa hiyo nauza chochote nilichonacho, kwa bei yoyote, hata dagaa hawajakauka vizuri. Ndo hapo nikaelewa kumbe kausha damu walikuwa wananikata mara mbili, riba wanaichukua wao na bei yangu anaichukua tajiri wa Dar.

Basi nikaenda kwenye kikoba chetu, nikavua aibu, nikawaambia nadaiwa hivi na hivi. Kuna walioguna. Wakanipa laki nane, riba asilimia 10 ya mara moja, rejesho kila mwisho wa giza. Shoga yangu mmoja akanishauri nimalizie deni kubwa kwanza ili nipumue. Sikumsikiliza, nikamaliza yale ya kila siku, madogo na makubwa yote ya kila siku, ya mangi nikayaacha kwa sababu mangi ni mtu, unamwambia "mangi mbalamwezi" na anaelewa, nusu ya wateja wake ndo sisi. Siku niliyomlipa yule kijana rejesho la mwisho nilimwekea na chai. Benchi nikaliingiza ndani.

Halafu nikaanza gunia la bibi. Kila giza naficha gunia moja, baadae mawili, na nasema naficha maana namficha mimi mwenyewe. Yakikaa kwangu nauza, najijua. Kwa hiyo nikayaweka stoo ya bibi, namlipa buku kwa kila gunia, na nikamwomba nikija kudai kabla mitumbwi haijapanda mchangani asinipe. Mara mbili nilienda, mara mbili alinifukuza kama kuku. Ila dagaa wa kukaa lazima wawe wamekauka kweli, juu ya chanja, sio hawa wa kuanikwa mchangani unakula unasikia meno yanalia. Unachukua mmoja unamvunja, akikatika kah yuko tayari, akipinda mrudishe juani. Nimeandika hivi kirahisi ila kuna giza moja la mwezi wa nne mvua ilinikuta nimeanika ndoo kumi na tatu, nikatoka mbio na turubai nikateleza, wote wakaishia chakula cha kuku. Walionunua walinipa pole na bei ya msiba.

Kula nayo nikaigawa kwa mwezi wa juu. Kila siku mbili za giza naweka pembeni matumizi ya siku moja ya mbalamwezi, elfu kumi, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwezi ukitoka kopo limejaa, natoa elfu kumi kila asubuhi kama natoa mshahara. Watoto wakaanza kuliita "ofisi". Mama ofisi imefunguliwa? Ada niliipanga hivyohivyo, hapo hamna stori.

Giza kumi na moja nikamaliza madeni yote mpaka ya mangi. Bibi nilimpelekea kanga na sukari kilo tano, akasema wabeja, ukiona Mkerewe kakushukuru Kisukuma ujue kafurahi sana.

Ikaja shida mpya, hela ikibaki. Jamani hela ikibaki kwa mtu aliyezoea kudaiwa inawasha. Nikafungua akaunti UTT, ile taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye ule Mfuko wa Ukwasi, sikufuata faida wala nini, nilichokipenda ni kwamba ukitaka kutoa hupewi pale pale, unasubiri siku za kazi. Muuza vitenge akipita mwaloni hasubiri siku za kazi. Mpaka hela inaingia kitenge kimeshaenda Bunda.

Hela ya UTT ndo ikanunua kiwanja, njia ya Kishiri huko juu. Majirani walinunua milioni nne, mi nimenunua milioni moja na nusu, kwa sababu katikati ya kiwanja changu kulikuwa na jiwe ukubwa wa Hiace. Sio kijiwe, mwamba. Tukaandikishiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, mama mkwe akaja kuona, akazunguka lile jiwe mara moja, akaniuliza "mwanangu, jiwe nimeliona, kiwanja kiko wapi?"

Hapa ndo naomba nijisifu kidogo. Fundi alitaka laki tisa kulipasua. Nikasema ngoja. Pale chini barabarani kuna kina mama na vijana wanaponda kokoto, nilikaa nao siku mbili za mbalamwezi nikaona wao shida yao ni kwamba mawe ya karibu yameisha, wanabeba kutoka mbali. Nikawaambia mi nina jiwe. Mkalipasue, kokoto zote zenu, mi nachukua mawe ya msingi tu na kiwanja kibaki flati. Wakanitazama wakidhani kuna ujanja. Ulikuwepo ila ulikuwa wa pande zote. Wanawasha moto wa magogo juu ya mwamba usiku kucha, asubuhi unasikia limelia tah, wanaingiza mtaimbo kwenye ufa, nyundo, kipande kinadondoka. Nilichotoa ni kuni, ugali na dagaa. Jirani mmoja alilalamika moshi, nikampelekea dagaa na yeye. Mwamba umeliwa kwa giza sita hivi, msingi wangu wote ni mawe yake na mengine yamebaki nikajengea ukuta wa mbele. Mama mkwe sasa ndo anawaonyesha wageni.

Nisijisifu sana lakini, maana wakati wanapasua jiwe mimi nilikuwa natengeneza mengine. Nilikuwa na wazo kwamba hela niibadilishe kuwa vifaa mapema nisije nikaila, wazo sio baya, nondo nilinunua hivyo na ziko salama. Ila nikanunua na simenti mifuko 25, kama laki tano na nusu, nikaipanga kwenye chumba cha kupanga, sakafuni, imeegemea ukuta, mwezi wa kumi, mvua za vuli zinaanza. Chini sikuweka hata kipande cha mbao. Kila jioni naiangalia nasema moyoni, ona, mwanamke ana mali.

Mwezi wa pili mzee fundi akaja kuichukua. Akainama, akagonga mfuko wa kwanza kwa vidole, ko ko ko, kama mtu anabisha hodi. Akagonga wa pili. Wa tatu. Akanigeukia na upole wote wa kizee: "mama, humu ndani wenyewe wamelala." Mifuko 17 imekuwa jiwe, minane ya juu ndo ilipona. Nilicheka nikalia, maana Mwanza nzima mawe ya bure, mi nimenunua kwa laki tatu na ushee.

Tumeshahamia, vyumba viwili na sebule, dari bado, madirisha nondo tupu na pazia. Kodi silipi. Ile mifuko fundi aliichana karatasi akaipanga ikawa ngazi ya kupandia barazani, na mmoja uko pembeni ya mlango ndo kiti changu cha mbalamwezi, umekaa vizuri kuliko lile benchi. Mwezi uliopita shemeji alikuja kutusalimia, akakaa hapohapo juu yake, akaangalia nyumba, akatikisa kichwa kwa furaha kabisa. "Unaona sasa shem? Si nilikwambia ukifuata lile daftari?"

Nikamwambia ainuke kidogo nifute vumbi.